Jini Akitolewa Gilasini

Lugha yetu ina mzaha wake. Wazungu wana kileo waitacho "gin", nasi tulipokitia ulimini kikawa jini, jina lile lile la yule ambaye mtoto wa chuoni humsomea Ayatul Kursiyyu asimkaribie. Sikuona kosa katika tafsiri hiyo.

Juzi alinijia kijana wa mtaani kwetu, mchanganyaji vinywaji katika hoteli moja ya watalii. Ataka kuiacha kazi ile pasi na kuutupa ufundi wake. "Ami," akaniuliza, "nikiitoa jini, je, kwabakia kitu cha kuuza?"

Nilimwambia kwabakia kilicho chetu. Tazama kile waitacho Tom Collins: jini, maji ya limau, sukari na soda. Ondoa jini, una sharbati ya limau. Na gimlet ni jini na maji matamu ya ndimu. Maji hayo yana kisa. Mabaharia wa Kiingereza waliyanywa kujikinga na kiseyeye, yakihifadhiwa kwa kileo, hata mwaka 1867 Lauchlan Rose wa Uskochi akasajili njia ya kuyahifadhi kwa sukari. Mtu kaitoa pombe kwa taabu zake, wenziwe wakairudisha! Ama tonik, uchungu wake ni wa kwinini, dawa ya homa itokayo katika magome ya mti wa Amerika ya Kusini. Waingereza walioitawala Bara Hindi ndio walioizoea pamoja na jini.

Hata maneno yao wameyaazima. "Syrup" yatokana na sharab ya Kiarabu, na "julep" ni gulab ya Waajemi, yaani maji ya waridi.

Lakini nilimwonya jambo moja. Tangu miaka ya 2010 Ulaya yauza chupa za kuigiza jini, ati hazina kileo. Baadhi yake majani na mbegu huloweshwa kwanza katika kileo, kisha kikaondolewa. Na katika nchi kama Marekani na Ujerumani, kinywaji chenye chini ya nusu ya asilimia moja ya kileo huruhusiwa kuitwa hivyo. Hukumu nawaachia mashekhe. Mimi nasema karatasi ya chupa isomwe kabla ya kuwekwa mbele ya wageni wa harusi. Na kwa nini tununue kwa fedha nyingi kivuli cha kitu tusichokitaka?

Ukwaju watosha. Uloweshe usiku kucha, uchuje, utie tangawizi mbichi iliyopondwa na iliki mbili tatu. Jaza barafu, mimina ukwaju hadi nusu ya gilasi, kisha tonik baridi polepole, na ndimu ikamuliwe juu. Ule uchungu ndio unaoshika pahala pa jini. Bila huo ni maji ya ukwaju tu. Nyumbani kwangu wanakinywa bila sukari. Mimi natia vijiko viwili.