HAMU YA KULA UDONGO: UGONJWA UNAOTIBIKA BILA KULAZWA

Juma hili twataka kuzungumza habari ambayo katika nyumba nyingi hufanywa kwa siri. Mama mwenye mimba huamka usiku, watu wote wamelala, akapapasa chini ya godoro, akatoa kipande cha udongo na kukitafuna. Asubuhi husafisha kinywa akaenda shambani kama kawaida. Mumewe hana habari. Mama mkwe pengine anajua, lakini hasemi neno, maana naye zamani alikula. Na huyo mama mwenyewe amejaa aibu, akidhani ni yeye peke yake duniani.

Sivyo. Wenzake ni wengi, ugonjwa wake una jina, na dawa yake ipo karibu.

WENZAKE NI WENGI

Udongo wa kula huuzwa waziwazi katika masoko mengi ya Tanzania. Pengine huwa ni vijiti vilivyofinyangwa na kukaushwa, ambavyo watu wa Kanda ya Ziwa huviita pemba. Pengine ni vipande vya kichuguu. Wengine hawanunui, bali humega ukuta wa nyumba mvua inyeshapo na harufu ya udongo ikapanda.

Mwaka 2014 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa kwa wanawake wajawazito 340 katika sehemu za wachimba dhahabu huko Geita. Karibu nusu yao walikula udongo. Magharibi mwa Kenya, mwaka 2004, wanawake wajawazito 827 waliulizwa, na huko pia karibu nusu walikubali. Katika kisiwa cha Pemba, mwaka 2010, mambo yalionekana kwa sura nyingine: waliokula udongo walikuwa 5 tu katika 100, lakini zaidi ya theluthi moja walitafuna mchele mbichi. Wanawake wa Babati, wawe Wairaqw au Wagorowa, Warangi, Wambugwe au Wabarbaig, wana miili ile ile na damu ile ile.

Wala si jambo la jana. Hippocrates, tabibu wa Wagiriki wa kale, aliandika juu ya wajawazito wanaotamani udongo na makaa. Mwaka 1870 David Livingstone, akiwa katika nchi ya Manyema, aliandika katika daftari lake habari za ugonjwa wa kula udongo ambao watu wa Unguja waliuita safura. Alisema kwamba miguu huvimba, mwili hukonda, na mgonjwa hawezi kutembea kwa kukosa pumzi. Aliongeza kwamba si ugonjwa wa watumwa wenye njaa tu. Hata matajiri wenye chakula tele walishikwa nao. Tazameni hekima ya Kiswahili chetu: neno hilo hilo safura twalitumia mpaka leo kwa ugonjwa wa kupungukiwa na damu, na kwa minyoo inayouleta.

Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, kula vitu visivyo chakula kumewekwa katika kundi la magonjwa ya ulaji. Ndimo ulimo pia ugonjwa wa wale wanaojinyima chakula kwa hofu ya kunenepa mpaka wakadhoofu kabisa. Basi mwenye kula udongo si mwendawazimu, wala hakurogwa. Ni mgonjwa kama wagonjwa wengine.

KWA NINI HAMU HII HUJA?

Mwanamke mwenye mimba hutengeneza damu kwa watu wawili. Damu hiyo yahitaji madini ya chuma, ambayo hutoka katika chakula. Chakula kikiwa ugali na mboga kidogo kila siku, na chai ya rangi asubuhi na jioni, chuma hakitoshi. Malaria na minyoo navyo hupunguza damu. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wajawazito 100 wa Tanzania, 57 walikuwa na upungufu wa damu.

Mara nyingi hamu ya udongo na upungufu wa damu huonekana kwa mtu mmoja. Wako wagonjwa ambao hamu yao hutoweka mara wanapoanza vidonge vya chuma. Lakini haiwi hivyo kwa wote. Huko Lusaka, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004, watoto wa shule waliokula udongo walipewa chuma, na hawakuacha udongo zaidi ya wenzao wasiopewa. Hapo twajifunza kwamba mazoea nayo yana nguvu zake. Ndiyo maana kidonge peke yake hakitoshi. Mgonjwa yampasa asaidiwe pia kuacha mazoea.

MADHARA YAKE

Wengi husema, “Udongo unaniongezea damu, maana nao una chuma.” Maneno haya yamewadanganya wengi. Udongo wa mfinyanzi hukamata chuma cha chakula tumboni na kukizuia kisiingie mwilini. Kwa hiyo mama huhisi nafuu mdomoni, kumbe damu yazidi kupungua.

Tena udongo huweza kubeba mayai ya minyoo. Jijini Dar es Salaam, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009, wajawazito wenye virusi vya Ukimwi waliokula udongo walionekana kuwa na upungufu wa damu na minyoo ya tumbo kuliko wasiokula. Udongo mwingine una sumu kama aseniki na risasi, ambazo haziondoki kwa kuuchoma motoni. Tena hufunga choo na kuumiza tumbo.

Lakini hatari kubwa huja siku ya kujifungua. Kila mama hutokwa na damu azaapo. Mwenye damu ya kutosha hustahimili. Mwenye damu kidogo, hata kiasi ambacho jirani yake angekistahimili, huweza kumwua. Na mtoto wake huweza kuzaliwa kabla ya wakati, au na uzito mdogo. Kwa ajili hiyo twasema wazi: siri hii ndogo ya chini ya godoro yaweza kuacha yatima.

TIBA HUANZIA KLINIKI

Sasa habari njema. Wagonjwa walio wengi hawana haja ya kulazwa. Hutibiwa kama wagonjwa wa nje, wakalala kwao na kuendelea na kazi zao. Mama wa kijijini aanze katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Aliye mjini Babati anayo Hospitali ya Mrara. Walio upande wa magharibi, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wanayo Hospitali ya Dareda ya Jimbo letu Katoliki la Mbulu.

Kwanza, mama aseme. Muuguzi hawezi kutibu asilolijua. Atosheke kusema, “Sista, mimi nakula udongo,” naye ataelewa, maana amekwisha kusikia hayo kwa wengi.

Pili, atapimwa damu kwa kuchomwa kidoleni. Mjamzito ambaye kipimo chake ni chini ya 11 ana upungufu. Aliye chini ya 7 yuko katika hatari kubwa, naye apelekwe hospitali pasipo kuchelewa, maana pengine atahitaji kulazwa na kuongezewa damu. Yafaa apimwe pia malaria na choo.

Tatu, atapewa vidonge vya chuma pamoja na foliki asidi, naye avimeze kila siku kama alivyoagizwa. Dawa ya minyoo mjamzito huipewa baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita; asiinunue mwenyewe dukani kabla ya hapo. Vidonge vya chuma hugeuza choo kuwa cheusi, asiogope. Vikimletea kichefuchefu, avimeze pamoja na chakula kidogo au wakati wa kulala, asivitupe. Na avifiche mbali na watoto, maana mtoto akila vingi kwa kudhani ni peremende huweza kufa.

Nne, arudi siku aliyoandikiwa. Huu ndio msingi wa matibabu ya mgonjwa wa nje: kitanda chake kiko nyumbani, lakini jina lake liko katika kitabu cha kliniki. Damu haijengwi kwa juma moja. Hata kipimo kikiwa kizuri, huendelea na vidonge mpaka aambiwe basi, ili mwili upate akiba.

CHAKULA CHA KUJENGA DAMU

Hapa Babati Mungu ametujalia. Mbaazi za mashamba yetu hupelekwa nchi za mbali, na sisi tunauza gunia zima tukabaki na ugali na chumvi. Yafaa debe moja libaki nyumbani kwa ajili ya mama na watoto. Maharage nayo ni mazuri, na mboga za majani kama mchicha na mnavu. Samaki wa Ziwa Babati, nyama na maini hutoa chuma kinachoingia mwilini upesi zaidi, hata kikiwa kipande kidogo.

Tena kuna siri mbili ambazo hazina gharama kubwa. Ya kwanza: chai huzuia chuma, basi isinywewe pamoja na chakula wala na vidonge, ingojewe saa moja au mbili. Ya pili: tunda lenye ukali kama chungwa, limau au pera, likiliwa pamoja na mbaazi au mboga, husaidia chuma kuingia.

KUACHA MAZOEA

Mtu asidhani ataacha kwa kuapa tu. Na afanye hivi. Ajue saa ambayo hamu humjia, iwe asubuhi penye kichefuchefu au jioni akipika. Saa hiyo awe na kitu kingine cha kutafuna, kama bisi, karanga za kukaanga au kipande cha tunda. Asiweke akiba ya udongo nyumbani. Akienda sokoni, asipite kwa muuzaji wake. Kama hawezi kuacha mara moja, apunguze siku hata siku. Na amwambie mtu mmoja anayemwamini, awe mumewe, dada yake au mwenzake wa WAWATA, wawe wakiulizana kila Jumapili baada ya Misa.

Akianguka akala tena, asikate tamaa wala asiache kliniki. Aseme ukweli, aanze upya. Kupona kwa magonjwa ya ulaji ndivyo kulivyo: mtu husonga hatua tatu, akarudi moja, mwisho akafika.

Na watoto je? Mtoto mchanga hutia kila kitu kinywani, ndiyo njia yake ya kuujua ulimwengu. Lakini mtoto aliyepita miaka miwili, akiendelea kula udongo kwa mwezi mzima au zaidi, apelekwe akapimwe damu na minyoo. Kumchapa hakutamwongezea damu.

NENO KWA AKINA BABA

Baba, ukimkuta mkeo na udongo mkononi, usimcheke, usimtangaze kilabuni, wala usimwambie anatia aibu ukoo. Mwambie, “Mama watoto, kesho twende kliniki pamoja.” Nauli ya kwenda zahanati ni ndogo kuliko gharama ya jeneza. Tena mnunulie robo ya maini siku ya mnada. Hiyo nayo ni dawa.

JE, KULA UDONGO NI DHAMBI?

Akina mama wengine huogopa hata kwenda kuungama, wakidhani wametenda neno la kishirikina. Hamu inayotoka katika upungufu wa mwili si dhambi, kama vile kiu si dhambi. Lakini uhai tumepewa tuutunze, wetu na wa mtoto aliye tumboni. Ajuaye kwamba dawa ipo, naye akaacha kuifuata kwa kuona haya tu, hatendi haki kwa mtoto huyo. Ikumbukwe pia kwamba wajawazito na wagonjwa hawafungwi na amri ya kufunga wakati wa Kwaresima. Mama mwenye upungufu wa damu anayejinyima mbaazi ili afunge hampendezi Mungu kwa kufanya hivyo. Atoe sadaka nyingine, asali, awe mpole nyumbani, ale.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, jambo hili lizungumzwe katika mikutano yenu bila kutaja jina la mtu. Bibi wazee waliowahi kula udongo wakaacha, wasimulie jinsi walivyoacha. Neno lao lina uzito kuliko la gazeti. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na hapa maneno hayo ni kweli kabisa. Anayesema mapema hupimwa mapema, na akipimwa mapema hupona kwao, jikoni kwake, kati ya watoto wake.

Basi, mama msomaji, kama umesoma habari hii huku kipande kiko mfukoni, siku ya kliniki ya kijiji chenu ni juma hili au lijalo. Nenda na kadi yako.