Kaa Mzuri Hana Nyama

Bamvua linapokupwa, wavuvi wa hori la Mida, karibu na Watamu, huingia mikokoni kwa miguu, kila mmoja na fimbo yake yenye chuma kilichopindwa nchani. Fimbo hupenyezwa shimoni, kaa akaing'ang'ania kwa gando, pakavutanwa kidogo, kisha akatoka kwa hasira zake zote. Kumfunga kamba ni kazi ya muda mfupi kwa mtu aliyejifunza akimfuata baba yake matopeni. Ugumu huanza baadaye, kaa anapopinduliwa tumbo juu na kidole gumba kikabonyeza gamba, hapo karibu na mashina ya miguu ya nyuma. Likikaa imara, mzani unaletwa. Likibonyea hata kidogo, mnunuzi anatikisa kichwa: huyu bado.

Kinachomshangaza mgeni ni kwamba anayekataliwa mara nyingi ndiye anayependeza kuliko wenzake. Gamba lake ni safi, linang'aa, tumbo jeupe, meno ya gando makali kabisa. Anayegombaniwa ana mikwaruzo, tumbo lenye madoa ya manjano na kahawia, meno yaliyolika kwa kuvunja konokono, na pengine vijidude vyenye gamba gumu, vile vinavyogandia mitumbwi, vimemganda mgongoni. Uchafu huo ni kumbukumbu ya muda. Unamwambia mnunuzi kwamba gamba hili limevaliwa siku nyingi, na mwenyewe amepata nafasi ya kulijaza.

Kaa wa mikoko, ambaye wanasayansi wanamwita Scylla serrata, hana mifupa ndani. Kilichomshikilia ni gamba la nje, na gamba halitanuki. Ili akue lazima alivue lote, pamoja na ngozi ya macho na ya miguu. Siku chache kabla ya hapo hufyonza sehemu ya madini ya gamba la zamani na kuyarudisha mwilini, huku gamba jipya lililo laini likijikunja chini yake. Kisha gamba kuukuu linapasuka upande wa nyuma, na kaa anatoka kinyumenyume. Akishatoka hufyonza maji mengi, akavimba, na kulinyoosha gamba jipya kabla halijakauka. Anaamka mkubwa kuliko jana, ila sehemu kubwa ya ukubwa huo ni maji matupu. Itamchukua wiki kadhaa za kula ili misuli ijae pale palipo na maji. Mpishi akimchemsha mapema hupata mchuzi wa chumvi na vinyuzinyuzi vya nyama, na lawama za wageni mezani.

Siku ya kujivua kaa haichagui kwa hiari yake. Ndani ya vishina vya macho yake kuna tezi inayotoa homoni ya kuzuia. Homoni hiyo ikipungua, tezi nyingine iliyo kifuani hupata ruhusa ya kutoa ile inayoanzisha kazi. Maabara zimeonyesha jambo hilo kwa njia isiyopendeza: kaa akikatwa vishina vya macho, hujivua mapema kuliko kawaida yake.

Mahali pa kuwaza haya ni pazuri. Hori la Mida halina mto unaoingia. Maji yake matamu hupenya kutoka chini ya ardhi, na mengine yote huletwa na kuondolewa na bahari. Mikoko, michu, mikandaa na mililana husimama kandokando yake, na tangu 1968 eneo hilo limo katika hifadhi ya bahari ya Watamu. Pale Dabaso, kikundi cha wenyeji cha uhifadhi kimejenga mkahawa wa mbao juu ya nguzo katikati ya mikoko, na kaa ndiye anayewaleta watu. Huyo aliyekataliwa kwa kidole gumba hapotei hivi hivi. Katika pwani hii kaa mtupu, au aliyepungukiwa na nusu kilo inayotakiwa na hoteli, huweza kutiwa kizimbani, akalishwa mabaki ya samaki na konokono wa mikoko mpaka ajae. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwemo David Mirera, wamefuatilia ufugaji huo kwa miaka mingi pamoja na vikundi vya wenyeji. Kila kaa ana chumba chake. Mkiwaweka pamoja, wa kwanza kujivua huliwa na jirani.

Swali la mnunuzi wa kaa, ni lini mnyama ameiva, huwasumbua pia watu wa Japani, ila wao huliuliza kuhusu samaki. Wakulima wa mpunga katika milima ya Niigata walianza katika karne ya 19 kuchagua samaki wa rangi, jamaa wa samaki kapu wa kawaida anayeliwa kwingineko, wakapata koi, na maonyesho ya Tokyo ya 1914 yakawajulisha kwa taifa. Leo mashindano hufanyika kila mwaka, na waamuzi huwatazama kwa juu samaki walio ndani ya mabeseni ya buluu, kundi moja moja kwa kadiri ya urefu. Mwenye koi hushindana kwanza na subira yake. Weusi wa aina iitwayo Showa huweza kukaa chini ya ngozi miaka kadhaa kabla ya kupanda juu. Wekundu ulioiva mapema, kingo zake zikiwa kali, humpa koi ushindi akiwa mdogo, lakini samaki wa namna hiyo mara nyingi rangi yake hufifia mwili ukirefuka. Jike huchelewa kunenepa, na ndiye anayebeba vikombe vikubwa. Wafugaji hodari kwa hiyo humwacha bwawani samaki ambaye wengine wangemkimbiza ulingoni.

Hapa ndipo Mida na Niigata zinapoachana. Ngozi ya koi ndiyo inayohukumiwa, hivyo anayeng'aa anashinda. Gamba la kaa ni kifungashio tu, na kikiwa kipya mno ni onyo. Tena koi akishapita kilele chake hakirudii kwa urahisi, ilhali kaa hupanda na kushuka: anajaa, anavua, anakuwa mtupu, anajaa tena, na kila mzunguko unamwacha mkubwa zaidi, hadi dume mkubwa kupindukia kilo 3. Mfugaji wa kizimbani akichelewa kuuza, kaa wake mnono anaweza kuvua usiku, na asubuhi mali imegeuka maji.

Kwa jike mambo yanazidi. Kibamba kilicho chini ya tumbo lake huwa cha pembetatu, cheupeupe, anapokuwa mwari. Katika kujivua kunakomfanya mtu mzima hutoka kipana, cha mviringo, chenye rangi nzito na nywele pembeni. Ndiyo saa dume anayoingojea. Dume mwenye gamba gumu humbeba jike siku kadhaa kabla, akamlinda avue, na kujamiiana hufanyika yeye akiwa bado laini. Kwa hiyo siku ambayo hafai kabisa kwa sahani ndiyo siku anayofaa kwa kizazi. Baadaye, akiwa ameshajaa nyama na mayai ya rangi ya chungwa ndani, huelekea bahari ya kina kutaga mayai kwa mamilioni.

Jimbo la Queensland, Australia, limekata shauri kwa sheria: jike haruhusiwi kuvuliwa, na dume lazima gamba lake lifike upana wa sentimita 15. Wanunuzi wengi wa Asia hufikiri kinyume, na jike mwenye mayai humlipia zaidi. Kaa anayepinduliwa Mida basi ana sehemu mbili za kutazamwa, na mnunuzi mwenye haraka huangalia moja tu, ile inayobonyezwa kwa gumba, akakiacha kile kibamba ambacho kingemwambia kama huyu aliyejaa alikuwa njiani kwenda kuzaa.