Sola ya Kulipa Mdogo Mdogo: Maswali 4 ya Kuuliza Kwanza

Pesa kwa simu ilipoanza Kenya mwaka 2007, wengi wetu tuliitumia kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2012, M-KOPA ikaanza kuuza sola kwa njia hiyo hiyo: unatoa malipo ya kwanza, unabeba mtambo, halafu unamaliza deni mdogo mdogo kwa simu. Siku hizi kampuni nyingi zinafanya hivyo.

Inafanyaje kazi?

Paneli inakaa juu ya paa, betri na taa ndani. Ukilipa, mtambo unafunguka kwa siku ulizolipia. Siku zikiisha, unajifunga. Ukimaliza deni, ni wako.

Faida tunaijua. Koroboi ina moshi na inaweza kuchoma nyumba, na mafuta taa ni ya kununua kila mara. Jua ni la bure. Lakini mtambo huo huo unaweza kukuacha gizani wiki ambayo biashara imelala. Ubunifu ni mzuri ukimfaa anayeutumia, kwa hivyo uliza:

1. Jumla ni pesa ngapi? Usisikie tu "hamsini kwa siku". Tuseme malipo ya kwanza ni Sh3,000, kisha Sh50 kwa siku 365. Hiyo ni Sh21,250. Linganisha na bei ya kulipa mara moja.

2. Nikikosa kulipa? Kuna faini, ama siku zinasogezwa tu mbele? Wanaweza kuuchukua mtambo? Mkulima anayelipwa mwisho wa mwezi hana hamsini kila asubuhi.

3. Ukiharibika? Waranti ni ya muda gani? Ukiwa kwa fundi, bado unalipa?

4. Betri ikifa, inarudi wapi? Usiitupe jalalani, ina kemikali hatari. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inawapa watengenezaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao hata zikishatumika. Waulize wanazipokea wapi.

Wakati wa kulipa

Tumia nambari iliyo kwenye mkataba, si simu ya ajenti. Hakikisha jina kabla ya kuweka PIN, na usifute SMS mpaka umalize deni.

Kampuni inayojali wateja na mazingira haitachoka na maswali haya. Asiyekujibu leo kabla hujalipa, hatakujibu usiku ule mtambo umejifunga.