Mkwe Atalala Wapi?

Anayetaka kujenga chumba chini ya nyumba yake Kisumu sharti kwanza aukague udongo. Kuanzia Nyalenda hadi uwanda wa Kano, udongo ni ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Mei 2020 Ziwa Victoria lilivunja rekodi iliyodumu tangu 1964, maji yakaingia Dunga, pale ufukoni, bila kubisha hodi. Besimenti huko ni kisima tu.

Vilima vya Riat ni habari nyingine. Huko juu, fundi hukata mteremko, nyumba ikawa ghorofa moja ukiitazama kutoka barabarani na mbili ukiitazama kutoka upande wa ziwa. Sehemu ya chini ina mlango wake, na kwa kuwa mgongo wake umeegemea kilima, hubaki na ubaridi hata mchana wa Januari, jambo ambalo mtu wa Kisumu halichukulii kirahisi. Ghala la simiti iliyobaki na viti vilivyovunjika sasa linawekwa kitanda, jiko la gesi na Wi-Fi, kisha picha zinapandishwa Airbnb. Walio kwenye tambarare hufanya hivyo hivyo na SQ, kijumba cha mtumishi kilicho nyuma.

Wengi huanza biashara hii wakimngojea mzungu aliyekuja kuona viboko. Huja, lakini si yeye anayelipa bili. Kongamano la Africities la Mei 2022 lilifungua macho: wajumbe walitarajiwa kwa maelfu, vitanda vya hoteli vikaonekana havitatosha, na nyumba za watu zikaanza kuhesabiwa. Kongamano likaisha, wageni wakaendelea kuja, wengi wao Wakenya. Kuna wa semina za mashirika, kuna jamaa wa ughaibuni wanaorudi Desemba, na juu ya wote kuna waombolezaji. Mazishi ya Wajaluo ni ya wikendi, na familia iliyotawanyika Nairobi, Mombasa na Minneapolis haiwezi kuenea katika nyumba ya marehemu. Raila Odinga alipoagwa uwanja wa Mamboleo kisha akazikwa Bondo, Oktoba 2025, eneo zima la ziwa lilipokea wageni ambao hoteli zake hazikujengwa kuwabeba.

Na hapo ndipo mila inapoingia, ingawa wauzaji wa nyumba hawaitaji kwenye matangazo. Kwa Wajaluo, mama mkwe halali nyumbani kwa mume wa bintiye. Atapikiwa, atakaa, atawabeba wajukuu, lakini jua likizama lazima apatiwe pengine pa kulala. Kwenye dala, boma la kijijini, jambo hilo lina majibu ya zamani: kuna nyumba ya jirani, kuna ya jamaa, na vijana wanaotembelea hulala simba, kibanda cha kijana wa kiume karibu na lango. Mjini, katika nyumba ya vyumba viwili, jibu lilikuwa kumpakia mzee wa watu kwenye matatu ya jioni. Leo binti hulipia usiku mbili kwa M-Pesa, mama akalala umbali wa tuktuk moja, na hakuna anayeogopa chira, laana ya kuvunja mila.

Swali gumu zaidi ni la Riat kwenyewe. Je, mwenye nyumba akimlaza mama mkwe wake mwenyewe kule chini, amemlaza nyumbani kwake? Mlango ni mwingine, paa ni moja. Naweza kuwawazia wazee wakilijadili hilo hadi chai ipoe. Kwa maoni yangu, paa linashinda mlango, na kitanda kilicho chini ya kitanda cha mume wa binti kinazidisha kosa badala ya kulipunguza.

Kwa pesa, tuseme, kwa mfano tu, chumba ni shilingi 3,000 kwa usiku na kinapata usiku 10 kwa mwezi. Hizo 30,000 zinamshinda mpangaji wa kawaida, hadi utoe kamisheni ya programu, tokeni za stima, mfuaji wa shuka na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Usiku hizo 10, zaidi ya hayo, karibu zote ni Ijumaa na Jumamosi. Anayelipa mkopo wa benki kwa tegemeo hilo ajue Jumanne ni ndefu.

Sheria nayo imesogea karibu. Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za aina hii Nairobi, serikali iliwataka wenye BnB wote wajisajili na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Wengi walishtuka, ingawa Sheria ya Utalii ya 2011 ilikuwa imezitaja nyumba zinazopokea wageni tangu mwanzo. Kuandika nambari ya kitambulisho cha kila anayelala si usumbufu. Chumba cha chini, chenye mlango usioonekana kutoka barabarani, kinahitaji hilo kuliko chumba chochote cha juu.

Yaliyobaki ni ya fundi na mfagiaji: neti isiyotoboka, dirisha la kutosha kutoa ukungu ukutani, na taa ya nje izimwe wadudu wa ziwa wanapopanda kama moshi. Kwa anayejenga sasa, ziba ngazi ya ndani kwa matofali. Mgeni atalala bila hofu, nawe utaweza kumwonyesha mkwe ukuta akiuliza.