Gari la Familia na Gharama ya Kubahatisha

Wenye magari ya mtumba, wakifika gereji, huanza kwa kutaja vitu walivyokwisha nunua. Plagi zimebadilishwa, koili zimebadilishwa, pampu ya mafuta ya tangini imebadilishwa, sensa mbili zimebadilishwa, na gari bado linamisi likipanda mlima. Ukiuliza ni kipi kilipimwa kabla ya hela hizo kutoka, unakuta hakuna kilichopimwa. Fundi wa kwanza alihisi plagi, wa pili akahisi pampu, wa tatu akasema gari la aina hiyo ndivyo lilivyo, uza.

Kazi yangu ni injini, na naamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya mateso haya haitokani na ubovu wa gari. Inatokana na kutengeneza bila kupima. Gari la miaka mingi lazima litaharibika. Lakini mwenye gari ana haki ya kuambiwa kilichoharibika kabla ya kutumwa maduka ya Gerezani kununua spea.

Nichukue Toyota Noah, kwa kuwa ni gari ambalo karibu kila mtaa wa Tanzania unalijua, na kwa kuwa ugomvi wa watu na gari hili unaeleza mengi. Jina ni moja, mashine ni mbili. TownAce Noah, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, injini yake imelala chini ya viti vya mbele na inasukuma magurudumu ya nyuma. Nyingi zilizofika huku zina injini ya petroli ya 3S-FE ya lita 2, mashine nyepesi kuelewa, ambayo fundi wa chini ya mwembe anaweza kuifungua na kuifunga akiwa na spana na akili yake. Novemba 2001 ikaja Noah mpya kabisa: injini imehamia mbele, inavuta magurudumu ya mbele, na injini yenyewe ni 1AZ-FSE, ile iliyoandikwa D-4 kwenye kifuniko. Hii ndiyo iliyotengenezwa hadi 2007. Mafundi waliozoea ya kwanza wakaishika ya pili kwa mikono ileile, na malalamiko yakaanza hapo.

Tofauti iko kwenye namna petroli inavyoingia. Kwenye injini ya kawaida nozeli hupuliza petroli nje ya silinda, kwenye njia ya hewa, kwa presha ya baa 3 hivi. Kwenye D-4 nozeli imechomekwa ndani ya silinda yenyewe, mahali penye moto na mgandamizo, kwa hiyo presha lazima iwe kubwa mno: kati ya baa 80 na 130. Tairi la gari dogo, kwa kulinganisha, hujazwa baa 2 na ushee. Ili kuipata presha hiyo kuna pampu ya pili juu ya hedi, inayosukumwa na kemshafti. Pampu ya tangini huifikishia petroli, na hii ya juu ndiyo huikandamiza.

Sasa fikiria fundi anayejua pampu moja tu. Gari linakosa nguvu, anafungua tangi, anabadilisha ya huko, gari linaendelea kukosa nguvu. Pampu ya juu ikichakaa ina tabia yake: petroli hupenya na kushuka kwenye oili ya injini. Dalili hii mwenye gari anaweza kuiona mwenyewe bila kifaa chochote. Asubuhi, gari likiwa limepoa na limesimama pa tambarare, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Kama oili imepanda juu ya alama ya mwisho ilhali hakuna aliyeongeza, na ukiinusa inanuka petroli, usiwashe gari kwenda popote. Oili iliyochanganyika na petroli imekuwa nyepesi kama maji na haiwezi tena kulinda bearingi za kranki. Kuna familia zimeua injini nzima kwa sababu ya pampu moja, na kijiti kilikuwa kikiwaambia tangu mapema.

Tatizo la pili la injini hizi ni masizi. Kwa kuwa petroli haipiti tena nyuma ya valvu za kuingiza hewa, hakuna kinachoziosha. Mvuke wa oili na moshi unaorudishwa kupunguza uchafuzi huganda pale, mwaka baada ya mwaka, mpaka njia ya hewa inakuwa nyembamba na nyeusi. Gari linatetemeka likiwa sailensa, linazima kwenye foleni, linakunywa mafuta. Dawa yake ni kufungua manifoldi na kusafisha kwa mkono, kazi ya siku nzima isiyohitaji spea zaidi ya gasketi. Kumimina kichupa cha dawa ya kusafishia tangini hakusaidii valvu hizo, kwa sababu petroli yenye dawa haizifikii.

Hapa niseme jambo linalonikera. Mtaani watu wamegawa injini katika makundi mawili: D-4 mbaya, VVT-i nzuri. VVT-i ni mfumo wa kubadilisha muda wa kufungua valvu. D-4 ni mfumo wa kupuliza petroli. Injini ya Noah hii ina vyote viwili. Kwa hiyo anayeshauriwa kutoa injini ya D-4 na kuweka ya VVT-i aulize kwanza: waya na kompyuta ya injini vitabadilishwa pia? Injini ya mtumba ikifungwa na kompyuta isiyo yake, ni kuanzisha ugonjwa mpya juu ya wa zamani.

Ugomvi mwingine mkubwa ni kuchemsha, na huu hauchagui aina ya gari. Baba mmoja alikuja na gari la watu saba, jina la gari nitaliacha, lililokuwa likimwaibisha kila Desemba akipeleka familia Iringa. Dar es Salaam linakwenda bila shida. Likifika mlima wa Kitonga, watu wamejaa, mizigo imejaa, kiyoyozi kimewashwa, mshale wa joto unapanda na maji yanafumka. Alikuwa amebadilisha rejeta, amebadilisha pampu ya maji, amefungua hedi na kuweka gasketi mpya. Mfuniko wa rejeta ulikuwa uleule wa zamani, mpira wake wa ndani umekauka na kupasuka ukingoni. Tulipouweka kwenye geji ya kupimia haukushika presha hata kidogo.

Mfuniko ule kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu. Una springi inayoyafungia maji ndani kwa presha, kwa kawaida baa 1 hivi juu ya hewa ya nje, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 120. Mfuniko ukifa, yanachemka kwenye 100, na milimani hata chini ya hapo. Injini iliyobeba watu saba kupanda mlima inazifikia nyuzi hizo kwa urahisi. Mfuniko ni spea ya bei ndogo kuliko karibu zote za mfumo wa maji, na kuupima ni dakika chache. Kufungua hedi kulifanyika kabla ya dakika hizo chache.

Kwenye gari lile thamostati pia ilikuwa imeng'olewa. Huu ni ugonjwa wa gereji zetu, kwamba nchi ya joto haihitaji thamostati. Thamostati ndiyo inayoifikisha injini kwenye joto lake la kazi, kwa Toyota nyingi kuanzia nyuzi 80 na kidogo, na kuishikilia hapo. Bila hiyo, kwenye barabara kuu injini inabaki baridi, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza petroli, na mwenye gari anaanza kulalamika ulaji wa mafuta. Kuna baya zaidi: katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ambayo maji hupita bila kufika kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ile inabaki wazi daima, na sehemu ya maji moto inazunguka tu ndani ya injini. Yaani kitu kilichotolewa ili gari lisichemshe kinaweza kuwa ndicho kinachochemsha.

Na kwa injini za familia ya AZ za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuchemsha hata mara moja si jambo la kuachia. Bloku ni ya aluminiamu, na nyuzi zinazoshika bolti za hedi, hasa za upande wa nyuma, zinajulikana kwa kung'oka. Hapo gasketi mpya haitashika, kwa sababu bolti haikazi. Fundi anayejua atatoboa na kuweka nyuzi za chuma kabla ya kurudisha hedi. Asiyejua atakuwekea gasketi ya tatu. Vilevile ijazie rejeta kulanti inayofaa aluminiamu. Maji ya bomba matupu yanakula pampu, mabomba na uso wa hedi polepole, na madhara yake huonekana gari likiwa limekwisha kubadilisha mmiliki.

Gia boksi nitaigusa kwa ufupi tu, ingawa imezifilisi familia nyingi. Noah za kuanzia maboresho ya 2004, na magari mengi ya familia yaliyokuja baadaye, yana gia boksi ya CVT: haina gia za kupanda na kushuka, ina mkanda wa chuma unaozunguka katikati ya puli mbili zinazobadilisha upana. Mkanda ule unashika puli kwa msuguano, na oili yake imetengenezwa kwa ajili ya msuguano huo. Ukiweka hidroliki nyekundu ya gia boksi ya kawaida, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na chembe za chuma zinasambaa kila mahali. Gari halisimami siku hiyo, ndiyo maana aliyeweka haonekani mkosaji. Soma jina la oili kwenye kitabu cha gari au kwenye kijiti, na uishuhudie ikifunguliwa.

Halafu kuna kompyuta ya kupimia. Watu wanaiamini kama daktari, na hapo wanaumia. Namba ya kosa hutaja dalili. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Haisemi kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Sensa ile huenda ndiyo pekee inayosema kweli. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya manifoldi, kipimia hewa kilichojaa vumbi, au presha ndogo ya petroli. Tena magari mengi ya soko la ndani la Japani ya kabla ya 2008 hayaelewani vizuri na vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu. Kifaa kikisema hakuna kosa, huenda ni kwamba hakikusoma chochote.

Kwa nini basi mafundi wetu, ambao wengi wana akili na mikono ya ajabu, wanabahatisha? Jibu langu ni namna tunavyowalipa. Fundi kwetu hulipwa kwa kufunga. Akishinda asubuhi nzima akitafuta mpira uliopasuka, akaupata, mteja anaona ameibiwa akidaiwa zaidi ya bei ya mpira. Akifunga pampu mpya kwa nusu saa, mteja anatoa hela bila ubishi, kwa sababu ameona kitu kimetoka kwenye boksi. Tumemfundisha fundi kwamba kutafuta hakuna malipo. Mimi nawaambia wateja: kubalianeni hela ya kupima peke yake, ilipwe hata kama hakuna kilichobadilishwa, na mwisho wake mpewe namba. Presha ya petroli ni baa ngapi? Kompresheni ya kila silinda ni ngapi, na zinakaribiana? Alteneta inatoa volti ngapi injini ikinguruma? Hizi za mwisho ziwe kati ya 13.5 na 14.5, na betri iliyopumzika usiku kucha iwe karibu 12.6, mita ya umeme ya bei ndogo inatosha kuzisoma, hata wewe mwenyewe nyumbani. Fundi anayekataa kupima lakini yuko tayari kukuandikia orodha ya spea, mshukuru na uondoke.

Kwa anayetaka kununua, namba pia zinasaidia. Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya 2, na kilomita huandikwa. Cheti cha kusafirishia gari nje kina kumbukumbu hiyo. Muuzaji akupe cheti, si tafsiri aliyoipiga chapa mwenyewe, na ulinganishe na dashibodi. Kenya inazuia magari ya zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, na Tanzania huyatoza ya zamani ushuru wa ziada, lakini umri pekee hauonyeshi kama gari lilimwagwa oili kwa wakati.

Na kama tayari unalo na limekuchosha, lipimwe kabla ya kuuzwa. Kompresheni ikiwa nzuri na inalingana silinda zote, hedi haijawahi kufunguliwa ovyo, gia boksi haitelezi na chasi haijaliwa na kutu, basi kinachokusumbua karibu hakika ni kitu kimoja au viwili vinavyotafutika, na gari utakalonunua badala yake litakuja na lake usilolijua. Silinda moja ikiwa chini sana na CVT inateleza pia, usiweke hata plagi mpya. Liuze kwa bei ya hali yake, na karatasi ya vipimo umkabidhi anayenunua.