Kisangani: wanaosikiliza wanahitaji mafunzo, na posho pia

Tangu mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipofika Lubunga, maelfu ya watu walivuka mto na kukimbilia upande wa pili wa Kisangani. Wengine waliacha nyumba zimechomwa na ndugu wamekufa. Makanisani tunawaona: mama asiyelala, kijana aliyeacha kusema, baba anayekunywa lotoko tangu asubuhi. Familia huwaleta kwanza kwa mchungaji. Kuombea ni kazi yetu na hatutaiacha. Lakini mchungaji hakufundishwa kutambua kifafa, wala afanye nini mtu anapomwambia kwamba anataka kujiua.

Je, tungoje daktari wa magonjwa ya akili? Nchi nzima inao wachache mno, na wengi wako Kinshasa.

Kuna njia iliyokwisha kujaribiwa huku mashariki. Katika vijiji vya Kivu, wasaidizi wasio madaktari, wengine wakiwa na miaka michache tu ya sekondari, walifundishwa kuwahudumia wanawake waliobakwa. Walikutana nao katika vikundi, juma kwa juma, wakiwasaidia kuyachunguza mawazo yanayowalemea, kama lile la kusema, "kosa ni langu." Matokeo yalitangazwa mwaka 2013, na wanawake waliohusika walizidi 400. Miezi 6 baada ya huduma hiyo, asilimia 9 tu walikuwa bado na dalili za huzuni nzito au hofu kubwa. Katika vijiji vilivyopata msaada wa kawaida, walikuwa asilimia 42.

Tuangalie vizuri kilicholeta tofauti hiyo. Wasaidizi hao hawakuachwa peke yao baada ya mafunzo. Walikuwa na wasimamizi, na wasimamizi nao walikuwa na wataalamu wa kuuliza kwa simu. Sisi tumezoea semina ya siku tatu, cheti, picha ya pamoja, basi. Halafu wale wahudumu wa jamii tunaowaita RECO wanatembea nyumba kwa nyumba bila kitu mfukoni, na tunashangaa wakiacha. Mtu anayesikiliza habari za mauaji kila siku naye huchoka, na watoto wake wanataka kula.

Wasimamizi tunaweza kuwapata hapa hapa. Chuo Kikuu cha Kisangani kilianzishwa mwaka 1963 kwa juhudi za makanisa ya Kiprotestanti, na elimu ya saikolojia inafundishwa huko kwa miaka mingi. Wahitimu wake wamo katika kwaya zetu, baadhi yao bila kazi.

Kwa hiyo tunaomba kila parokia ichague watu wawili, mmoja awe mama, wenye kutunza siri. Anayepeleka maneno ya watu sokoni hafai, hata akiwa shemasi. Wafanye kazi pamoja na muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu, ambaye atawapokea wagonjwa wanaohitaji dawa. Na katika bajeti ya mwaka, kando ya pesa za sherehe, iandikwe posho yao ya kila mwezi na nauli ya mtumbwi wa kwenda Lubunga.