Maleba, Picha na Kiambishi "A-": Namna ya Kumwandika Mhusika Asiye wa Kiume Wala wa Kike

Miongoni mwa burudani za vijana wa mijini ni kuvaa kama mhusika wa katuni, filamu au mchezo wa kompyuta, kisha kupigwa picha. Jina la burudani hii lilitoka Japani, ambako mwandishi Nobuyuki Takahashi alilitumia katika jarida la My Anime mwaka 1983, akiunganisha neno la vazi na neno la mchezo. Katika makala haya tutalitohoa kuwa kosiplei. Hata hivyo, wanafunzi wa tamthilia watakumbuka kwamba tunayo istilahi iliyo karibu nalo: maleba, yaani mavazi na mapambo ya mwigizaji.

Tuchukue mfano wa darasani. Tuseme kijana wa Nyakabanda, wilayani Nyarugenge jijini Kigali, ameingia studio akiwa na joho, upanga na wigi refu la rangi ya fedha. Mhusika anayemwiga hatambulikani kuwa ni mwanamume au mwanamke. Mpiga picha anaelekeza taa laini mbele ili taya lisionekane kali, na vipodozi vinafanya nyusi zisiegemee upande wowote. Picha inatoka vizuri. Sasa yanatakiwa maelezo mafupi chini yake, katika lugha nne rasmi za Rwanda, ambako Kiswahili kiliongezwa mwaka 2017.

Kifaransa na Kiingereza humtaka mwandishi achague mara moja kiwakilishi cha kiume au cha kike, au atafute njia ya kukwepa. Kinyarwanda kitasema "yambaye", na Kiswahili "amevaa". Kiambishi cha nafsi ya tatu umoja katika lugha zote mbili hakisemi lolote kuhusu jinsia. Kinatuambia tu kwamba anayetajwa ni mtu mmoja. Hivyo, fumbo alilolijenga mpiga picha kwa taa linabaki salama katika sentensi.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba Kiswahili hakijui jinsia. Jinsia imejificha katika msamiati. Tukiandika "binti mfalme" au "malkia", tumekwisha kuchagua. Neno "mwanamfalme" kwa muundo wake ni mtoto yeyote wa mfalme, ila wasomaji wengi watamwona wa kiume. Kitenzi nacho hutoa siri: "ameoa" na "ameolewa" si sawa. Kinyarwanda kina mitego yake katika majina ya udugu: msichana humwita kaka yake "musaza", na mvulana humwita dada yake "mushiki", hivyo neno moja hufichua jinsia ya msemaji na ya anayesemwa. Maneno kama shujaa, mlinzi, msafiri, mrithi na ndugu ndiyo yatakayotufaa.

Hatari kubwa zaidi iko katika kumpachika mhusika jina. Huntha ni neno la maumbile ya mwili, na limetumika sana katika sheria ya Kiislamu, halielezi vazi. Hanithi ni tusi. Jikedume hutaja mwanamke na mara nyingi hubeba kejeli. Neno lolote kati ya haya likiandikwa chini ya picha, msomaji hataliweka kwa mhusika wa kubuni, bali kwa kijana mwenyewe, anayerudi nyumbani kwa wazazi na majirani wanaomfahamu. Ndiyo maana tunasisitiza kanuni ya kwanza ya uchambuzi wa tamthilia: mwigizaji si mhusika.

Kanuni hiyo haikuanza leo. Kundi la Takarazuka la Japani, lililoanza maonyesho mwaka 1914, lina waigizaji wanawake watupu, wakicheza hata nafasi za wanaume. Osamu Tezuka, aliyekulia katika mji huo, alianza mwaka 1953 kuchora hadithi ya binti mfalme aliyelelewa kama mwanamfalme. Kwetu pia, wachezaji wa beni wa pwani walivaa sare za kijeshi bila kuwa maofisa. Nchini Rwanda, wanaume wacheza intore huvaa umugara, nywele ndefu za nyuzi zinazorushwa huku na huku, na hakuna mtazamaji anayewauliza kwa nini wamevaa nywele ndefu. Watu wanajua kuwa huo ni mchezo na hayo ni maleba yake.

Kwa hiyo, maelezo tunayopendekeza kwa picha yetu ni haya: "Mlinzi wa msitu, mhusika wa kubuni. Amevaa joho na kushika upanga. Maleba na picha: studio, Nyakabanda." Tunawashauri walimu wawape wanafunzi zoezi la kuitafsiri sentensi ya pili kwa Kifaransa, kisha wajadili ni kitu gani walilazimika kuongeza katika sentensi zitakazofuata ambacho Kiswahili hakikukisema.